Sare ya hatua 84 haikuwa makubaliano

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nisahihishe sentensi moja iliyochapishwa kwenye ukurasa wa michezo wiki iliyopita, katika habari fupi kuhusu mashindano ya sataranji, au chesi kama vijana wanavyoiita, yaliyofanyika hapa Tabora mjini. Habari hiyo ilieleza kwamba mchezo wa mwisho, kati ya bingwa wa mji wetu na msichana wa miaka 19 kutoka Kigoma, ulimalizika bila mshindi baada ya wote wawili kuchoka na kukubaliana kugawana pointi. Matokeo yaliandikwa sawasawa, kwa kuwa kila mmoja alipata nusu pointi. Lakini hawakukubaliana. Hakuna aliyeomba sare wala aliyepewa, na mimi ninayeandika haya nilikuwa nimeketi kando ya meza yao tangu saa tatu asubuhi hadi saa saba na dakika kumi mchana, nikinakili kila kete iliyosogezwa.

Huenda msomaji akajiuliza kwa nini mzee mstaafu anapoteza wino kwa neno moja. Sababu ni kwamba neno hilo limemfika msichana huyo nyumbani kwao. Alinipigia simu siku mbili baada ya gazeti kutoka, akaniamkia, kisha akaniuliza, "Mwalimu, kwa nini wameandika kwamba tulikubaliana?" Akaniambia kuwa mjomba wake alilisoma gazeti, akamwita sebuleni, na kumtaka aseme alipewa shilingi ngapi. Hapa Tabora nako maneno hayakukosekana. Bingwa wetu angeshinda mchezo ule, kombe lingebaki mjini. Kwa sare ile kombe likaenda kwa mchezaji wa Nzega aliyekuwa amewapita wote wawili kwa nusu pointi. Basi vijiweni wakaanza kusema kwamba mechi iliuzwa, na walipoulizwa ushahidi wakaonyesha gazeti lako, kwamba si limeandika wenyewe walikubaliana?

Naomba kwanza nieleze kilichotokea, kwa sababu nakiri kwamba kwa mtu aliyesimama mlangoni mchezo ule haukuwa na cha kutazama. Watu wawili wameinamia ubao, feni inazunguka, na nje embe zinadondoka juu ya bati kwa kishindo kama kawaida ya Desemba yetu, wala hakuna aliyeinua kichwa.

Bingwa wetu alikuwa na kete nyeupe. Alianza kwa kusogeza askari wa malkia miraba miwili, msichana akajibu vivyo hivyo, na kwa hatua ishirini za mwanzo hakukuwa na jipya kwa anayeujua mchezo. Kilichofuata ndicho kilichoamua siku. Msichana alibakiwa na askari mmoja mpweke katikati ya ubao, asiye na mwenzake wa kumlinda kulia wala kushoto, na bingwa wetu akamzingira askari huyo kwa subira ambayo sijaiona kwa mchezaji mwingine wa mkoa huu. Aliweka ngome mbili, kete ziendazo kwa mstari mnyoofu, nyuma yake, akaweka malkia, akabadilishana kete moja moja zilizokuwa zikimlinda, na kwenye hatua ya 31 akamchukua. Kuzidiwa askari mmoja mbele ya mchezaji wa kiwango kile kwa kawaida ni kushindwa. Nilimtazama msichana usoni nikadhani atasimama na kutoa mkono kukubali kushindwa.

Hakusimama. Alikalia mkono wake wa kulia, kama wanavyofundishwa watoto ili wasiguse kete kabla ya kufikiri, kwani kete ukiigusa lazima uicheze, na akakaa hivyo dakika ishirini na mbili. Nilizihesabu kwenye saa yao. Alipoutoa mkono, alianza kazi ya kuondoa askari ubaoni. Kila alipoweza kubadilishana askari kwa askari alifanya hivyo, hata pale ambapo mtazamaji angeona anajipunguzia jeshi bure. Anayezidiwa hufaidika askari wanapopungua, maana anayeongoza hawezi kumfunga mfalme kwa ngome moja dhidi ya ngome moja. Anahitaji askari atakayefika mwisho wa ubao na kugeuka malkia. Akiisha askari, uongozi wake umekwisha. Ilipofika hatua ya 58 ubaoni zilibaki kete tano tu: wafalme wawili, ngome mbili, na askari mmoja mweupe wa katikati aliyekuwa amefika mstari wa tano, ukihesabu kutoka upande wa weupe, na mfalme wake ubavuni.

Hapo ndipo nilipoiweka kalamu chini kidogo, kwa sababu niliutambua mpango wake. Alimweka mfalme wake kwenye mstari wa nyuma kabisa, mbele ya njia ya yule askari, na ngome yake akaipeleka pembeni kwenye mstari wa sita, ikiukata ubao kama uzio. Mfalme mweupe hawezi kuuvuka mstari unaolindwa na ngome. Kwa muda mrefu bingwa wetu aliizungusha ngome yake juu na chini akitafuta mwanya, na kila mara msichana alijibu kwa kuisogeza ngome yake mraba mmoja kushoto au mmoja kulia, bila kutoka kwenye mstari ule. Waliokuwa mlangoni walidhani anacheza ovyo kwa kuwa amekata tamaa. Alikuwa analinda uzio.

Kwenye hatua ya 76 bingwa wetu akafanya jambo pekee lililobaki, akamsukuma askari hadi mstari wa sita. Papo hapo, bila kufikiri hata nusu dakika, msichana akaiteremsha ngome hadi mstari wa kwanza, upande wa pili kabisa wa ubao, na kuanza kumpa mfalme mweupe cheki, yaani kumshambulia moja kwa moja, kutoka nyuma. Naomba wasomaji wanivumilie nieleze kwa nini ilikuwa hatua ile na si iliyotangulia. Askari akiwa bado kwenye mstari wa tano, mfalme wake anaweza kusimama mbele yake, na askari huyo anakuwa mwavuli wa kumkinga na ngome inayopiga kutoka nyuma. Askari akishapanda mstari wa sita, mwavuli umeondoka na mfalme yuko mvuani. Kila alipokimbilia, cheki ilimfuata. Akimwacha askari wake, ataliwa. Msichana angeiteremsha ngome mapema angejitia hatarini, na angechelewa hata kwa hatua moja mfalme angejificha ubavuni mwa askari na mambo yangekwisha.

Ulinzi huo ulielezwa na Mfaransa Philidor, mtunzi wa muziki aliyekuwa mchezaji hodari kuliko wote wa zama zake, mwaka 1777. Umekuwa ukifundishwa tangu wakati huo. Lakini kuujua kitabuni ni jambo moja, na kuufikia kutoka hatua ya 31, ukiwa umepungukiwa askari, saa inakwenda, na ukumbi mzima unamshangilia mwenzako, ni jambo jingine kabisa. Nimefundisha sataranji kwa miaka mingi, na naandika kwa dhati kwamba sikuwahi kuona ulinzi bora kuliko ule katika mkoa wetu.

Sasa nifike kwenye sentensi yenyewe. Kwenye hatua ya 84 msichana hakuomba chochote kwa mpinzani wake. Aliandika kwenye karatasi hatua aliyokusudia kucheza, hakuigusa ngome, akasimamisha saa na kumwita mwamuzi, akamwambia kwamba kwa hatua hiyo hali ileile ya ubao ingetokea kwa mara ya tatu, zamu ikiwa ya mchezaji yuleyule. Mwamuzi alizichukua karatasi za wote wawili, akaziweka sambamba, akaufuatilia mchezo kwenye ubao wa pembeni, na baada ya dakika saba hivi akatamka kuwa dai ni sahihi. Hiyo ni haki ya mchezaji kwa mujibu wa sheria, na haihitaji ridhaa ya mpinzani. Bingwa wetu hakuipenda, jambo ambalo ni la kibinadamu, ila alimpa mkono na kusaini.

Sare ya makubaliano ipo, na sheria inaeleza namna yake: mchezaji anacheza hatua yake, anatamka ombi kabla ya kubonyeza saa, na wachezaji wanaliandika ombi hilo kwenye karatasi kwa alama ya usawa. Nimezipitia karatasi zote mbili mstari kwa mstari. Alama hiyo haimo mahali popote, kuanzia hatua ya kwanza hadi ya 84. Aliyeandika kwamba walikubaliana hakuuliza mtu yeyote aliyekuwa mezani.

Simlaumu mwandishi wako kwa nia mbaya. Nadhani alivutwa na lugha ya mpira, ambayo sote tunaizungumza. Lakini hata kwenye mpira tuna utaratibu mzuri wa kutofautisha: mabao yakilingana tunasema sare, na milango ikibaki mitupu tunasema suluhu. Na mashabiki wanaotoka Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi jioni wanajua kwamba timu ngeni ikija hapa, ikafungwa bao la mapema, ikapambana na kuondoka na pointi moja, hiyo pointi ni ya jasho, na huko kwao inapokelewa kwa heshima. Msichana huyu alisafiri usiku kucha kwa treni kutoka Kigoma, akakaa mbele ya mwenyeji wake, akatanguliwa, akachomoa. Angekuwa timu ya mpira, kichwa cha habari kingesema amemkazia mwenyeji.

Vilevile ni kweli kwamba kuna wachezaji wakubwa duniani wanaopeana mikono baada ya hatua kumi na tano na kwenda kupumzika, na watazamaji wana haki ya kukasirika. Wenye mchezo wenyewe wameliona hilo. Mwaka 2005 mjini Sofia, Bulgaria, waandaaji wa mashindano makubwa waliwakataza wachezaji kuzungumza wao kwa wao kuhusu sare, na kanuni za namna hiyo zimeenea hadi kwenye michezo ya ubingwa wa dunia, ambako siku hizi makubaliano hayaruhusiwi kabla ya idadi fulani ya hatua. Lakini angalia kilichokatazwa ni nini. Kilichokatazwa ni kukubaliana mapema. Hakuna aliyekataza mtu kujilinda mpaka mpinzani akose njia.

Tena sare za namna hiyo zimejaa kwenye michezo ya mabingwa kuliko kwenye yetu sisi wanafunzi. London, Novemba 2018, Magnus Carlsen wa Norway na Fabiano Caruana wa Marekani walicheza michezo 12 ya ubingwa wa dunia, na yote 12 ikawa sare, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika historia ya ubingwa huo. Mchezo wa kwanza ulifika hatua 115 na ulichukua takriban saa saba. Carlsen alikuwa ametangulia kwa askari, ngome kwa ngome, karibu sawa na mchezo wetu wa Tabora, na Caruana akashikilia hadi mwisho. Ubingwa uliamuliwa baadaye kwa michezo ya kasi, Carlsen akashinda mitatu mfululizo. Miaka mitatu baadaye, mjini Dubai, Carlsen na Ian Nepomniachtchi wa Urusi walitoka sare michezo mitano ya kwanza, na watu wakaanza kusema mchezo umekufa. Mchezo wa sita ulikwenda hatua 136, mrefu kuliko mwingine wowote wa ubingwa wa dunia, Carlsen akashinda, na baada ya hapo mpinzani wake hakushinda hata mchezo mmoja.

Mfano ninaoupenda zaidi, ambao nimewasimulia wanafunzi wangu mara nyingi, ni wa Moscow. Septemba 1984 Garry Kasparov, akiwa na umri wa miaka 21, alikaa mbele ya bingwa Anatoly Karpov katika pambano lililotaka mtu ashinde michezo sita, sare zisihesabiwe. Baada ya michezo tisa Karpov alikuwa ameshinda minne na Kasparov hakuwa na hata mmoja. Kijana akabadilisha mchezo wake, akaanza kutafuta sare, na wakatoka sare michezo 17 mfululizo. Karpov aliongeza ushindi wa tano na kuishia hapo. Pambano liliendelea hadi Februari 1985, michezo 48, kati yake 40 ikiwa sare, na lilipositishwa na rais wa shirikisho la dunia, Kasparov alikuwa ameshinda michezo mitatu, miwili kati yake ikiwa ile ya mwisho mfululizo. Novemba mwaka huohuo, katika pambano jipya, akawa bingwa wa dunia. Yule kijana asingejua kushikilia sare asingefika Novemba.

Ninayasema haya pia kwa sababu nimesikia kuwa waandaaji wetu, kwa kuudhika na maneno ya mitaani, wanafikiria kuweka kanuni kwamba mwakani mchezo wa sare utawapa wachezaji wote wawili sifuri. Nawaomba wasifanye hivyo. Jambo hilo lilishajaribiwa zamani. Katika mashindano ya London ya mwaka 1862 mchezo wa sare ulirudiwa mpaka apatikane mshindi, na watu wakachoka. Mjini Paris, mwaka 1867, sare haikumpa mtu yeyote pointi. Mwaka huohuo wa 1867, mjini Dundee huko Uskoti, ndiko walikoanza kumpa kila mmoja nusu pointi, na ulimwengu mzima ukafuata njia ya Dundee mpaka leo. Tukiweka sifuri hapa Tabora, yule msichana baada ya hatua ya 31 asingekuwa na sababu yoyote ya kufikiri dakika ishirini na mbili. Angetoa mkono na kwenda kupanga begi lake, na sisi tungekosa mchezo bora wa mashindano.

Kama waandaaji wanataka kuzuia uvivu, wachukue kanuni ya kuzuia makubaliano kabla ya hatua ya 30 au ya 40, waitangaze kabla ya mchezo wa kwanza, na mwamuzi aisimamie. Hiyo nitaiunga mkono na nadhani wachezaji wetu wengi wataiunga mkono.

Kuna jambo moja zaidi kumhusu bingwa wetu, kwa maana naona maneno ya watu yamemwumiza naye. Yeye hakukosea. Niliupeleka mchezo wao kwenye programu ya kompyuta, mwanangu akanisaidia, na baada ya kubaki kete zile tano programu haikuona njia yoyote ya ushindi kwake, hata moja. Ilionyesha nafasi moja tu iliyompita, kwenye hatua ya 44, alipokubali kubadilishana askari wa pembeni badala ya kumwacha akae. Nilipomwonyesha alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniambia kwamba aliiona, ila alidhani njia zote mbili zinafika palepale. Mtu anayejutia askari mmoja wa pembeni wiki mbili baada ya mchezo hakuuza mechi.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. La kwanza ni masahihisho, kwenye ukurasa uleule na kwa herufi zilezile, yakisema kwamba mchezo ulimalizika kwa sare iliyodaiwa na mchezaji wa kete nyeusi na kuthibitishwa na mwamuzi, kwa kuwa hali ya ubao ilijirudia mara tatu. La pili, kama nafasi itaruhusu, ni kuchapisha hatua zote 84. Nimeambatanisha nakala za karatasi zote mbili, ya bingwa wetu yenye mwandiko wa kulala na ya msichana yenye doa la chai karibu na hatua ya 60, pamoja na yangu iliyopigwa chapa ili mpangaji wa kurasa asipate taabu. Nimepima kwa rula kwenye toleo la Jumamosi: zinaenea kwenye safu moja, chini ya msimamo wa ligi. Nakala ya toleo hilo nitaituma Kigoma kwa treni, kwa jina la mjomba wake.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu,
Isevya, Tabora